Nchi Kavu Nayo Ina Mbu Wake

Watu wengi hudhani kwamba mbu ni adui wa nchi za mvua nyingi tu, kama vile pwani na kando ya Ziwa Victoria, na kwamba nchi kavu imesalimika. Dhana hiyo si kweli. Katika sehemu kama Matiliku, Kaunti ya Makueni, ambako mvua hunyesha majira mawili kwa mwaka na mito hukauka ikabaki mchanga mtupu, mbu aweza kupata makao mema kabisa. Makao hayo si mtoni wala kinamasini, bali ni nyumbani mwa watu.

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Maji yakichotwa mbali, yakaletwa kwa punda au mgongoni mwa akina mama, hakuna akubaliye kupoteza hata tone. Hutiwa katika mapipa, mitungi na madumu, na maji ya mvua yatokayo kwenye mabati hukusanywa katika matangi. Humo hukaa majuma mengi. Naye mbu hahitaji ziwa. Kopo moja lenye maji lamtosha.

JINSI MBU AKUAVYO

Mayai ya mbu huangua viluwiluwi, ambavyo huonekana vikijipinda majini na kupanda juu kuvuta pumzi. Penye joto, toka yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua siku saba hadi kumi hivi.

Mbu si wa namna moja. Mbu wa malaria, Anofelesi, kwa desturi hupenda maji yaliyotuama nje: madimbwi, nyayo za ng'ombe, na mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali. Lakini Aedesi, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hupenda mapipa na mitungi. Huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakimzuii, naye hueneza homa ya dengi na chikungunya. Hubandika mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi mingi. Mtu akimwaga maji bila kusugua pipa, ameacha mbegu ndani.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Ugonjwa wa chikungunya ulijulikana kwanza katika Tanganyika, mwaka 1952, katika nchi ya Wamakonde karibu na Newala. Jina lake ni la Kimakonde, nalo lataja kujikunja, kwa sababu maumivu ya viungo humkunja mgonjwa. Uwanda ule una shida ya maji, na watu walikuwa wakiyaweka akiba majumbani.

Mwaka 2004 ugonjwa huo huo uliingia Lamu. Haikuwa wakati wa mafuriko bali wa ukame, maji yalipokaa muda mrefu vyomboni bila kubadilishwa. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba kiasi cha watu 75 katika kila 100 mjini humo walikuwa wameambukizwa. Mwaka 2016 ukazuka Mandera, mji ulio katika nchi ya jangwa.

Tena mwaka 2023 Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya, KEMRI, ilitangaza kwamba Anofelesi stefensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia, ameonekana Marsabit. Huyu, tofauti na wenzake, huzaliana vizuri katika matangi na mapipa ya mjini.

YAPASAYO KUFANYWA

Hakuna amwambiaye mtu wa Matiliku aache kuweka maji akiba. Lililo muhimu ni jinsi ya kuyaweka.

1. Kila chombo kifunikwe barabara, pasiwe na mwanya. Mdomo wa tangi ufungwe kwa wavu wenye matundu madogo sana.

2. Mara moja kila juma, kabla viluwiluwi havijapata mabawa, pipa lisuguliwe ndani kwa brashi. Maji yasimwagwe bure: yachujwe kwa kitambaa safi na kutiwa katika chombo kingine, kisha yarudishwe. Maji ya kusuguliwa yatiwe shambani penye udongo mkavu.

3. Majani yatolewe katika mifereji ya mabati, maana huzuia maji na kuyatuamisha.

4. Makopo, vibuyu vilivyovunjika na magurudumu makuukuu ya gari yaondolewe uani au yawekwe pasipofika mvua.

5. Maji ya kuku na ya mbwa yabadilishwe mara kwa mara, na chombo kisuguliwe.

Ukambani kuna mfano mwema wa kuweka maji. Penye mabwawa ya mchanga, yaliyojengwa katika mito mingi ya Makueni na Kitui, maji hukaa chini ya mchanga. Jua haliyafikii upesi, wala mbu hapati mahali pa kutaga. Pipa lililofunikwa vema hufanya kazi ile ile nyumbani.

Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Aedesi haruki mbali. Mara nyingi huishi karibu na nyumba alimozaliwa. Basi mbu amwumaye mtoto huenda akawa ametoka katika pipa la nyumbani kwake au la jirani. Kijiji kikichagua siku moja katika juma, kila nyumba ikasugua na kufunika vyombo vyake siku hiyo hiyo, mbu hatapata pa kukimbilia, na maji yaliyotafutwa kwa taabu hayatawaletea wenyewe maradhi.