Mnara wa kengele wa Brugge

Mnara wa kengele wa Brugge (kwa Kiholanzi: Belfort van Brugge, huitwa pia Halletoren) ni mnara wa Zama za Kati uliopo katika mji wa Brugge, jimbo la Flandria ya Magharibi, nchini Ubelgiji. Unasimama upande wa kusini wa uwanja wa soko (Markt), juu ya majengo ya zamani ya biashara. Una urefu wa mita 83, na wageni wanaweza kuupanda kwa ngazi zenye vipandio 366.

Tofauti na minara mingi ya kengele ya Ulaya, mnara huu haukuwa sehemu ya kanisa. Ulikuwa mali ya mji wenyewe. Ndani yake zilitunzwa hati za haki za wakazi pamoja na hazina yao, na kengele zake ndizo zilizopanga maisha yao ya kila siku.

Tangu mwaka 1999 mnara huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na minara mingine ya aina yake. Orodha hiyo iliongezwa mwaka 2005, na sasa ina minara 56: 33 ya Ubelgiji na 23 ya Ufaransa.

Historia

Mnara ulianza kujengwa mnamo mwaka 1240, wakati Brugge ilipokuwa kati ya miji tajiri ya Ulaya ya kaskazini. Utajiri huo ulitokana hasa na vitambaa vilivyofumwa kwa sufu kutoka Uingereza. Katika majengo yaliyo chini ya mnara wafanyabiashara walikuwa na sehemu za kuweka na kuuza bidhaa zao.

Mwaka 1280 moto uliteketeza sehemu ya juu ya mnara, iliyokuwa ya mbao. Hasara kubwa zaidi haikuwa jengo bali maandishi yaliyokuwamo, kwa sababu hati ambazo watawala wa awali waliuandikia mji kuthibitisha haki zake ziliungua pia. Guy wa Dampierre, mtawala wa Flandria wa wakati ule, hakukubali kuzirudisha haki hizo kama zilivyokuwa. Mafundi na wafanyabiashara wengi waliasi. Uasi huo ulizimwa, na mwaka 1281 mtawala alitoa hati mpya iliyompa yeye mamlaka makubwa zaidi juu ya mji.

Baada ya hapo mnara ulijengwa upya, na safari hii hati ziliwekwa katika chumba chenye kuta za mawe na milango ya nondo za chuma. Masanduku yalikuwa na kufuli kadhaa, na funguo zake zilishikwa na watu mbalimbali, ili mtu mmoja asiweze kuyafungua peke yake.

Katika miaka ya 1480 iliongezwa sehemu ya juu yenye pembe nane. Juu yake uliwekwa mnara mwembamba wa mbao wenye ncha kali, lakini mwaka 1493 ulipigwa na radi ukaungua. Ulijengwa mwingine, nao ukaungua mwaka 1741. Tangu hapo ncha haikurudishwa tena. Mwaka 1822 kilele kilizungushiwa ukingo wa mawe wa mtindo wa Gothiki, na ndivyo kinavyoonekana hadi leo. Mnara umeinama kidogo upande wa mashariki, kwa takriban sentimita 87.

Kazi za kengele

Watu wachache walikuwa na saa nyumbani katika Zama za Kati. Kwa hiyo kengele za mnara ziliwaambia wakazi muda wa kuanza na kumaliza kazi, pamoja na muda wa kufunga malango ya mji. Nyingine zilipigwa ili kuwaita watu mkutanoni au kuwaonya juu ya moto na adui. Kila kengele ilikuwa na sauti yake, na mkazi aliyezoea alijua maana yake bila kuuliza. Walinzi walikaa juu mchana na usiku wakitazama kama kuna moshi.

Sheria mpya zilisomwa kwa sauti kutoka baraza iliyo juu ya lango la majengo ya soko. Watu waliitwa kwanza kwa kengele, kisha wakasikiliza.

Leo mnara una kengele 47 zinazounda karioni, yaani ala ya muziki ya kengele nyingi zenye sauti zilizopangwa kama za kinanda. Uzito wake wote unazidi tani 27. Nyingi kati yake zilitengenezwa katika karne ya 18 na Joris Dumery, baada ya moto wa mwaka 1741. Mpigaji hukaa mbele ya safu ya vijiti vya mbao na kuvigonga kwa ngumi, huku miguu yake ikikanyaga vijiti vya kengele kubwa. Waya huunganisha vijiti na ndimi za kengele.

Kengele hulia pia zenyewe kila robo saa. Kazi hiyo hufanywa na pipa kubwa la shaba la karne ya 18 lenye maelfu ya matundu. Katika matundu hayo hupachikwa vibanzi vya chuma. Pipa likizunguka, vibanzi huvuta waya na nyundo hupiga kengele. Ili kubadilisha wimbo, vibanzi huhamishwa.

Kutembelea mnara

Hakuna lifti. Idadi ya watu wanaoruhusiwa kuwa ndani kwa wakati mmoja ina kikomo, kwa sababu ngazi huzunguka na kuzidi kuwa nyembamba kadiri mtu anavyopanda. Wanaopanda na wanaoshuka hutumia njia hiyohiyo na inabidi wapishane. Kwa wenye matatizo ya moyo au wanaoogopa nafasi finyu, safari hii ni ngumu. Wakati wa dhoruba mnara hufungwa.

Njiani kuna mahali pa kupumzika. Cha kwanza ni chumba cha hazina, ambapo milango ya chuma bado ipo. Juu zaidi mgeni huona mitambo ya saa, pipa la shaba na chumba cha mpigaji wa karioni. Kileleni huonekana mapaa ya mji, mifereji na mashamba tambarare ya Flandria. Anayefika huko wakati wa robo saa husikia kengele kwa karibu sana, na sauti yake ni kubwa.