Usitoe Wimbo Wako Bila Stakabadhi

Korosho zikishauzwa na fedha zikishafika mikononi, vijana wengi wa Nachingwea na Ruangwa hukumbuka jambo moja: kurekodi. Bendi inachanga. Kwaya inachanga. Kikundi cha ngoma nacho kinachanga. Wanapanda gari kwenda mjini, wanaingia studio, wanarudi na furaha tele.

Baada ya miezi michache wanausikia wimbo wao unapigwa harusini na kuuzwa mnadani. Wenyewe hawajapata hata senti moja. Wakiuliza, wanajibiwa: "Nani kasema wimbo huu ni wenu? Mna karatasi?" Hapo wanabaki kutazamana.

Leo tunataka tulieleze jambo hili. Tutaeleza kanda ya kwanza ni kitu gani, sauti inaingiaje ndani yake, na mfanye nini ili jasho lenu lisiliwe na wengine.

KANDA YA KWANZA NI SAMPULI

Sisi watu wa korosho tunajua maana ya sampuli. Mzigo ukifika ghalani hawapasui gunia zima. Wanachukua korosho chache, wanazikata na kutazama kiini. Kwa hizo chache, ubora wa mzigo wote unajulikana.

Kanda ya kwanza ya bendi ni hivyo hivyo. Haitengenezwi kwa ajili ya kuuza. Ni nyimbo mbili au tatu za kumwonjesha mtu wa redio, mwenye ukumbi au mfadhili. Akizipenda, atawaita. Hata siku hizi, wengi wanapotumia simu na flashi badala ya kaseti, kazi yake ni ile ile.

SAUTI INAINGIAJE KWENYE KANDA?

Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha kaseti kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Ndani ya kaseti mna utepe mrefu wa plastiki. Utepe huo umepakwa unga laini wa madini yenye chuma, jamii ya kutu.

Unapoimba, kipaza sauti hugeuza sauti yako kuwa umeme mdogo. Umeme huo huingia kwenye kichwa cha mashine, nacho huwa sumaku. Utepe ukipita hapo, ule unga hushika alama za sumaku. Ukiicheza kanda, alama zile hugeuka tena kuwa umeme, na spika hutoa sauti yako.

Kaseti ilikuwa na kasoro moja. Kila ilipotolewa nakala kutoka kwenye nakala nyingine, sauti ilizidi kukwaruza. Kompyuta ni tofauti. Yenyewe huandika sauti kwa namba. Nakala ya mia inaweza kulia sawa na ya kwanza. Hilo ni jema, lakini pia ni hatari. Mwizi wa leo hapati hasara yoyote akinakili wimbo wako.

ZAMANI ILIKUWAJE?

Kwa miaka mingi bendi za Tanzania Bara zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio ikapiga kwa pamoja, magitaa, ngoma na waimbaji. Mmoja akikosea, wimbo unaanza upya. Ndiyo maana bendi zilifanya mazoezi sana kabla ya kwenda. Nasi tunawashauri hivyo: jifunzeni nyimbo kijijini, msijifunze studio ambako saa zinalipiwa.

Kurekodi kulikuwepo, lakini kiwanda cha kutengeneza santuri nchini hakikuwepo. Bendi nyingi zilitegemea viwanda vya Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Katika miaka hiyo njia ya santuri ilikuwa ngumu. Wapenzi wa muziki walinasa nyimbo redioni kwa redio kaseti zao, na wauzaji wakanakili kaseti na kuziuza. Muziki ulienea, lakini fedha ya kaseti hizo haikurudi kwa mtunzi.

KANDA ILIYOVUKA BAHARI

Tuchukue mfano wa Remmy Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga katika bendi ya Makassy. Baadaye aliongoza Super Matimila, bendi iliyoitwa kwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Aliimba habari za maskini, kifo na maisha ya kila siku, na watu wakampenda mno.

Basi rafiki yake Mwingereza alipokuwa anarudi kwao, alichukua kanda ya nyimbo za Remmy. Kanda hiyo ikafika kwa watu wa WOMAD, wanaoandaa tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali. Walisikiliza, wakapenda. Mwaka 1988 Remmy na wenzake walialikwa kupiga Ulaya. Mwaka huo huo ilitoka santuri ya "Nalilia Mwana". Mwaka 1989 ikafuata "Songs for the Poor Man", iliyotengenezwa katika studio ya Real World huko Uingereza. Remmy alifariki Desemba 2010, lakini Dar es Salaam bado kuna mahali panaitwa Sinza kwa Remmy.

Tazameni kitu kidogo kama kaseti kilivyofungua njia! Lakini kanda ile ilibebwa na rafiki, ikafikishwa kwa jina la mwenyewe. Je, yako itabebwa na nani? Na ikifika huko, jina lako litakuwa juu yake?

WIMBO NI MALI KAMA KOROSHO

Mkulima gani wa Nachingwea au Ruangwa anaacha magunia yake kwenye chama cha msingi bila stakabadhi? Hakuna. Anataka karatasi yenye jina lake na kilo zake. Asipoipata, atapiga kelele mpaka jioni. Sasa mbona wimbo tunautoa mikono mitupu?

Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo mtunzi ana haki juu ya wimbo wake maisha yake yote, na baada ya kufa kwake warithi wana haki hiyo kwa miaka 50. Wapigaji, na aliyetengeneza kanda, nao wana haki zao. Nyimbo za jadi tulizoachiwa na wazee, kama za jando na unyago, sheria inazilinda pia. Hizo si mali ya mtu mmoja, hivyo asitokee mjanja akasema kazitunga yeye.

Lakini sheria hailindi aliyelala. Fanyeni haya:

1. Kabla ya kurekodi, chukueni daftari. Andikeni jina la wimbo, aliyetunga maneno, aliyetunga muziki, majina ya wapigaji wote, na tarehe. Kila mmoja atie sahihi.

2. Kubalianeni mgawanyo kabla fedha haijaja. Fedha ikishafika, udugu huyumba.

3. Andikianeni na mwenye studio. Bei ni kiasi gani? Kanda mama inakaa kwa nani? Je, ana ruhusa ya kuuza? Mkilipa, daini risiti.

4. Msitoe kanda mama. Toeni nakala tu. Juu yake andikeni jina la bendi, mwaka, namba ya simu na maneno haya: "Ya kusikiliza, si ya kuuza."

5. Isajilini kazi yenu COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki. Haki inaanza pale unapotunga, lakini usajili ni ushahidi mkubwa mbele ya sheria. Kikundi nacho kijiandikishe Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Muulizeni Afisa Utamaduni wa wilaya, atawaonyesha njia.

6. Msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Ombeni mwende nayo nyumbani. Isomeni polepole, neno kwa neno. Anayewakataza kusoma ana jambo.

Ndugu wasomaji, wengine wenu mlianza kushika kalamu mkiwa watu wazima. Mlichekwa, mkavumilia. Kalamu hiyo si ya kuandikia barua peke yake. Ndiyo kufuli ya mali yenu. Kijana wako ana sauti nzuri na gitaa, lakini huenda hana subira ya kuandika. Kaa naye leo jioni, mfungulie daftari, mwandike wimbo wa kwanza pamoja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kanda ya kwanza inafananaje na sampuli ya korosho?
2. Kwa nini nakala za kompyuta ni rahisi kuibwa kuliko za kaseti?
3. Katika kijiji chenu kuna nyimbo gani ambazo hazijaandikwa popote? Nani ataziandika?