Tajiri yuko Dar, homa iko Tunduma

Foleni ya malori Tunduma, mpakani na Zambia, haina ratiba. Ikichangamka, magari yanasogea. Ikikwama, inarudi nyuma hadi Mpemba na kupita, injini zimezimwa, madereva wamejifunika mablanketi ndani ya kebini, maana baridi ya Songwe mwezi Juni haina mchezo. Chukua mfano wa dereva mmoja katika foleni hiyo. Tangu Mlowo viungo vinamuuma. Sasa anatetemeka, na si baridi. Anafungua WhatsApp na kuandika: "Bosi, naumwa." Anafuta. Anaandika tena: "Bosi, foleni kubwa." Anatuma.

Kwa nini afiche homa? Kwanza, tajiri yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 nyuma yake. Hamwoni dereva, anaona alama ya gari kwenye ramani ya simu, na alama haiugui. Ikisimama kwa muda mrefu, tafsiri zinakuja zenyewe: kalewa, anauza mafuta, au kuna mahali kajichimbia. Pili, kuna malipo. Dereva anayeishi kwa posho ya safari anajua kwamba gari lisipotembea, posho nayo haitembei. Na huko Dar kuna vijana wenye leseni wanaozunguka kwenye yadi wakisubiri usukani uachwe wazi hata kwa wiki moja.

Siku hizi kazi za mbali zinazungumzwa kama jambo jipya, la vijana wenye kompyuta mpakato wanaofanya kazi kutoka sebuleni. Tunduma imezijua siku nyingi. Dereva anayepeleka mzigo Lubumbashi anafanya kazi mbali na mwajiri wake. Wakala wa forodha mwenye meza moja kwenye fremu karibu na mpaka, huku ofisi yake kuu ikiwa Dar, naye yumo. Kituo cha Huduma Pamoja kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu kiliunganisha ukaguzi wa pande mbili, na nyaraka nyingi za mzigo sasa hupita mtandaoni. Kwa hiyo wakala akiumwa anaweza kulala kitandani na kompyuta juu ya mapaja, akaonekana yuko hewani, na ofisini hakuna atakayejua. Hapo ndipo mtego ulipo: anayefanya kazi mbali na macho ya bosi ni rahisi kwake kuficha ugonjwa, na ni vigumu kwake kuaminiwa akiusema.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Ni kweli, ila methali hiyo haikutaja mwajiri. Kumwambia mama yako unachoumwa ni jambo moja. Kumwambia anayekulipa ni jingine. Wengi tunachanganya mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe: jina la ugonjwa, na uwezo wa kufanya kazi. La kwanza ni lako na daktari wako. La pili linamhusu mwajiri moja kwa moja. Tajiri ana haki ya kujua kwamba leo huwezi kushika usukani. Hana haki ya kujua kilichoandikwa kwenye faili lako la hospitali.

Sheria imesimama hapo hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Anayeidai anatakiwa kuleta cheti cha daktari, ile karatasi ambayo wengi wanaiita "ED". Asipoileta, mwajiri halazimiki kumlipa. Sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu au VVU. Nayo Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, isipokuwa katika mazingira machache kama amri ya mahakama, na inataka majibu yatunzwe kwa siri. Kwa mji wa mpakani ambako dereva akikonda kidogo tu maneno yanaanza, kinga hii si ndogo.

Wapo watakaosema: mimi sina mkataba wa maandishi, sheria hiyo hainihusu. Madereva waligoma nchi nzima mwaka 2015, na mikataba ilikuwa miongoni mwa madai yao, kwa hiyo kilio hicho kinajulikana. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa kwa dalili za kazi yenyewe. Mojawapo ni kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Dereva wa Kongo anazimaliza saa hizo kabla wiki haijaisha. Akifukuzwa kwa kuumwa, ana siku 30 za kufikisha shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kuna mtu mwingine anayesahaulika katika hesabu hizi: tandiboi, msaidizi wa dereva. Tajiri aliye Dar hawezi kuambukizwa kikohozi cha dereva aliye Tunduma. Tandiboi anayelala naye kebini moja, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi, anaweza. Kikohozi kikipita wiki mbili, kipimo cha kifua kikuu ni cha lazima, na matibabu yake katika vituo vya serikali ni bure. Hapo wa kwanza kuambiwa si bosi, ni mwenzako unayevuta naye hewa moja.

Mpaka huu umewahi kuona ugonjwa ukigeuka jambo la mataifa. Mei 2020, Zambia ilitangaza kwa siku moja wagonjwa wapya 76 wa korona kutoka Nakonde, mji uliopakana na Tunduma. Rais Lungu akafunga mpaka kwa muda, na malori yakalala barabarani. Dereva aliyekuwa na mafua ya kawaida siku hizo alijifunza kumeza kikohozi, na wengine hawajaacha mpaka leo.

Tatizo ni kwamba gari halimezi. Lori lenye mzigo linaruhusiwa kufikia tani 56 katika barabara za Afrika Mashariki. Aliyeshindwa kusema akiwa Mpemba atageuza gari siku chache baadaye, atapita Vwawa ilipo hospitali ya mkoa bila kusimama, na atashuka mteremko wa Senjele akiwa na homa, macho mazito. Pale aibu ya kuonekana mvivu haina thamani yoyote.

Basi aliyeumwa afanye hivi. Aende kituo cha afya kwanza, achukue cheti. Apige simu, kisha atume ujumbe wa maandishi ubaki kuwa ushahidi. Aseme mambo matatu: hawezi kuendesha, daktari kampa siku ngapi, na gari na hati za mzigo viko mikononi mwa nani. Jina la ugonjwa lisiwemo, isipokuwa kama umetokana na kazi yenyewe. Hapo alitaje mapema, kwa sababu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015 na unaochangiwa na mwajiri peke yake, unahitaji taarifa ya ajali au ugonjwa ili ulipe.

Nawe tajiri, ujumbe huo ukiingia, usianze na "mbona gari limesimama?" Anza na "umepata dawa?" Dereva aliyejibiwa vizuri mara moja atasema ukweli mara ya pili. Aliyetukanwa ataendelea kukuandikia kwamba foleni ni kubwa, nawe utaendelea kuitazama alama kwenye ramani ukidhani unajua gari lako linaendeshwa na nani.