Mkoma: Kuutambua na Kuuotesha

Mkoma ni mti wa jamii ya mnazi unaostahimili ukame wa kaskazini mwa Kenya. Ukitoka Bulla Pesa, mjini Isiolo, kuelekea Archers Post, unaukuta umejipanga kandokando ya mto Ewaso Ng'iro na kwenye chemchemi za Buffalo Springs, mahali ambapo maji hayako mbali chini ya mchanga. Jina lake la kitaalamu ni Hyphaene compressa, nalo lilitolewa na Hermann Wendland wa Ujerumani mwaka 1878.

Alama yake ya kwanza ni shina. Mnazi na mvumo hupanda juu bila tawi. Shina la mkoma hugawanyika panda, na kila panda hugawanyika tena. Jani limetanuka kama kipepeo cha kupepea moto, na kikonyo chake kina miiba myeusi iliyopinda kuelekea juu. Mkindu nao huota kando ya mito, lakini majani yake yamechanika pande mbili mithili ya yale ya mnazi. Tunda, yaani koma, ni la kahawia, linang'aa na limebapa ubavuni. Jamaa yake wa pwani, Hyphaene coriacea, kwa kawaida ni mfupi, na tunda lake halikubapa hivyo.

Anayetaka kuuotesha aokote makoma yaliyokomaa, aondoe nyama, kisha aloweke kokwa kwa siku kadhaa. Chipukizi halianzi kwa kupanda juu: hushuka kwanza ardhini, likazamisha mche mchanga kabla jani halijaonekana. Ndiyo maana viriba vifupi vya kitaluni havifai. Afadhali kokwa ipandwe moja kwa moja mahali pake, kwenye udongo uliolainishwa kwenda chini. Kwenye viwanja vya Bulla Pesa vilivyo mbali na mto, mche umwagiliwe mpaka mizizi izame, na uzungushiwe ua wa miiba kuzuia mbuzi.

Mikoma ina dume na jike, na jinsia haijulikani mpaka mti utoe maua. Kwa hiyo anayetaka matunda apande kadhaa pamoja.

Kila tawi hukua kutoka kilele kimoja tu. Msusi akichukua makuti machanga yote, au mgema akikata kilele, tawi hilo hufa. Msusi achukue kuti moja, aache mengine yaendelee kukua.