Vumbi ya Mbao Ndani ya Nyumba: Kutengeneza Chujio ya Hewa kwa Vantilateri ya Gari

Mama, siku ya kupima watoto tunasikia jibu moja mara nyingi: "Mutoto anakohola kwa sababu ya baridi ya usiku." Baridi iko, hatukatai. Lakini kikohozi ikikaa majuma na majuma, tutakuuliza neno lingine: baba anafanya kazi gani, na anaifanyia wapi? Wengi wanajibu kwamba baba ni fundi wa mbao, na atelye iko papo hapo pa nyumba.

Hapa Goma unajua namna tunavyojenga. Moto wa Nyiragongo ulipoingia katikati ya muji tarehe 17 Januari 2002, watu wengi walisimamisha nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano. Kati ya ubao na ubao kuna nafasi. Pale mwangaza unapopita, vumbi nayo inapita. Baba anakata miti ya chukudu upande huu, na mutoto amelala upande wa pili anaivuta yote.

Vumbi ya mbao iko ya namna mbili. Maranda na ile vumbi nzito inaanguka chini, unaifagia. Ile nyembamba kama bunga haianguki upesi. Unaiona tu wakati jua linapoingia kwa tundu ya ukuta. Hiyo ndiyo mbaya, kwa sababu pua haiwezi kuizuia na inashuka mpaka mapafu. Inaleta kikohozi na inaamusha pumu. Tena, katika mwaka 1995 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Ulimwengu waliandika vumbi ya mbao kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu, zaidi kansa ya ndani ya pua. Hilo ni jambo la miaka mingi, kwa baba mwenyewe. Kwa mutoto, shida ni ya leo: mutu mukubwa anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika, lakini mutoto muchanga mara 40 mpaka 60.

Dawa ya kwanza haiko mashine. Musumeno itoke inje, kitanda cha mutoto kiondoke karibu na ukuta ule, na nafasi za mbao zizibwe. Lakini kuna wasio na kiwanja, na siku za mvua hakuna anayekata mbao inje. Kwa hao, chujio inasaidia.

Unajua kuchekecha bunga ya mihogo: nyembamba inapita, nene inabaki. Chujio ya hewa ni vile vile, lakini lazima kitu kivute hewa. Kwa garaji wanakovunja magari ya zamani, baba aulize ile vantilateri ya ndani, inayopulizia hewa watu wa mbele. Iko mviringo kama kopo, na mapezi mengi pembeni; inavuta hewa kwa kinywa cha katikati na kuitupa kwa ubavu. Inatumika na bateri ya volti 12. Anunue pia filtri ya hewa ya kamiyo, ile ya mviringo yenye karatasi iliyokunjwa-kunjwa. Vantilateri inaweza kuwa ya zamani, lakini filtri iwe mupya. Filtri iliyotupwa na dereva imekwisha kujaa.

Filtri inawekwa pa kinywa kinachovuta, si pale hewa inapotokea. Hivi vumbi inabaki inje ya karatasi, na mota inapata hewa safi. Upande mumoja wa filtri unafungwa kabisa na kipande cha tripleksi. Upande wa pili unakaa juu ya ubao wenye tundu, na vantilateri inafungwa nyuma ya tundu ile. Pote wanapokutana, weka mupira wa ndani wa kinga na ukaze sana, kwa maana hewa ni mvivu: ikipata nafasi ndogo pembeni, itapita pale na kuacha karatasi. Ili kupima, washa mashine na upitishe uzi mwepesi pembeni ya maungio. Uzi ukivutwa pale, ziba tena.

Kazi ya mama ni mufuko. Kata kitenge cha zamani cha pamba, shona mufuko wa kuvika filtri yote. Huo unashika vumbi nene, na karatasi itadumu. Mufuko uvuliwe kila mangaribi, inje, mbali na watoto, ukiwa umefunga kitambaa pa pua. Wanaume wengine watacheka kitambaa hicho, wacha wacheke. Ufue, ukauke kabisa, kisha uvike tena. Karatasi yenyewe usiifue.

Mashine ikae karibu na pale mbao inapokatwa, na mahali inapotupia hewa pasielekee chini, isiamushe vumbi ya sakafu. Iendelee kidogo hata baada ya musumeno kunyamaza, kwa sababu vumbi nyembamba ingali hewani. Ikikimbia kwa nguvu yote inakula bateri upesi, basi iende polepole. Tena fundi wa umeme aweke fuzi karibu na bateri. Mota ya zamani inatoa cheche, na vumbi ya mbao inawaka.

Kwa sababu hiyo, siku ya kupaka verni mashine izimwe. Muvuke wa verni unawaka, na tena unapita ndani ya karatasi kama vile hakuna kitu. Hapa, mama, usidanganyike. Chujio inashika vumbi tu. Sisi watu wa Goma tunajua mazuku, hewa ile inayotoka chini ya udongo na kukaa mashimoni, bila rangi, na inaua. Hakuna kitambaa kinachoichuja. Sumu ya makala nayo ni hivyo. Ukilala na mbabula yenye moto ndani ya nyumba iliyofungwa, chujio ikizunguka usiku kucha haitakuokoa. Mbabula itoke inje mbele ya kulala.

Na mutoto anayekohola umuangalie kifua wakati ametulia, halii wala hanyonyi. Hesabu pumuzi kwa dakika moja nzima. Chini ya miezi 2, mara 60 ao zaidi. Tangu miezi 2 mpaka mwaka 1, mara 50 ao zaidi. Tangu mwaka 1 mpaka miaka 5, mara 40 ao zaidi: umulete siku ile ile. Kama nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani akivuta pumuzi, ao anashindwa kunyonya, umulete saa ile ile, hata usiku.