Kiyoyozi Kikipuliza Hewa Vuguvugu, Usikimbilie Gesi

Ukiwauliza mafundi wa viyoyozi wa Shinyanga, Kahama na Geita kazi inayowajaa miezi ya kiangazi, watakwambia ni hii: mashine inawaka, feni inazunguka, lakini chumba hakipoi. Mteja naye anapopiga simu mara nyingi ana jibu lake tayari, kwamba gesi imeisha. Fundi anakuja na mtungi, anafunga geji, anaongeza gesi, analipwa, anaondoka. Nafuu inaonekana siku chache, kisha mambo yanarudi yalipokuwa.

Gesi ya kiyoyozi si kama ya jikoni, haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mashine iliyofungwa vizuri inaweza kumaliza miaka yake yote na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, imevuja. Katika ukanda wetu huu wa vumbi, umeme unaoyumba na mapaa ya bati, kiyoyozi kinaweza kushindwa kupoza ilhali gesi yote imo ndani. Kwa hiyo gesi iwe jambo la mwisho kushukiwa.

Kiyoyozi kinahamisha joto, basi. Koili ya ndani inafyonza joto la chumba, kompresa inalisukuma nje pamoja na gesi, na koili ya nje inalitupa hewani. Hewa isipopita vizuri kwenye mojawapo ya koili hizo mbili, joto halihami, hata ungejaza gesi mitungi mitatu.

Ndiyo maana naanza na vumbi. Fungua kifuniko cha kipande cha ndani, vuta filta, uinyanyue kuelekea dirishani. Usipoona mwanga ukipenya kwenye matundu yake, umeshapata sehemu ya jibu. Ioshe kwa maji na sabuni ya kawaida, uianike kivulini ikauke kabisa, uirudishe. Vijitabu vya mashine nyingi hupendekeza usafishaji kila baada ya wiki kadhaa, lakini kwa mtu anayeishi kando ya barabara ya vumbi, au jirani na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu kule Katoro, Nyarugusu au Kakola, ushauri wangu ni kila wiki kuanzia Juni hadi mvua zishike. Ni kazi ya dakika chache ambayo haihitaji fundi.

Koili ya nje ndiyo inayosahauliwa. Inakaa nyuma ya nyumba, mara nyingi karibu na ardhi, na inavuta hewa kutwa nzima. Ina mapezi ya alumini yenye unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, yaliyopangwa kwa nafasi isiyozidi milimita 2. Vumbi la kiangazi linaingia humo, linashikana na nyuzi za pamba, manyoya ya kuku na mabua. Mvua ya kwanza ikinyesha linalowa, jua likitoka linakauka na kuganda kama udongo wa tofali. Ukitazama upande wa feni utaona pasafi. Zunguka nyuma, kule inakovutia hewa, ndiko utakapouona ukuta wa tope. Mashine nyingi zina koili ya tabaka mbili, na uchafu ukijificha katikati ya tabaka hizo hauonekani mpaka fundi afungue kifuniko.

Kuiosha kuna utaratibu wake. Zima breka kwanza, si rimoti tu. Maji yatoke ndani kwenda nje, kinyume cha njia ya hewa, ili uchafu urudi ulikoingilia. Na usikubali kabisa jeti ya kuoshea magari: maji yake yana nguvu ya kulaza mapezi yote, na pezi likilala limeziba. Mpira wa bustani unatosha, au ndoo na kopo kwa mwenye subira. Kifuniko chenye nyaya mwachie fundi, kwa sababu kapasita iliyomo humo huhifadhi umeme hata baada ya breka kuzimwa.

Kuna dalili moja inayowapotosha wengi, nayo ni barafu. Mtu anaona utando mweupe kwenye koili ya ndani au kwenye bomba nene la shaba, anafurahi kwamba mashine ina baridi kali. Barafu hiyo ni ugonjwa. Ama hewa haipiti kwa sababu filta na koili vimeziba, ama gesi imepungua kweli. Zima kompresa, acha feni peke yake ipulize mpaka barafu iyeyuke, safisha filta, uwashe upya. Ikirudi wakati filta na koili ni safi, hapo sasa una sababu ya kuzungumzia gesi.

Kabla ya kumwita fundi fanya kipimo kimoja. Tafuta kipimajoto chochote, hata cha jikoni. Funga milango na madirisha, acha mashine ifanye kazi dakika 20, halafu pima hewa inayoingia kwa juu na inayotoka kwa chini. Tofauti ikiwa nyuzi 10 au zaidi, mashine inafanya kazi yake. Tatizo liko kwenye nyumba, au mashine ni ndogo kuliko chumba. Ikiwa chini ya nyuzi 7 au 8, tatizo ni mashine yenyewe. Hiki ni kipimo cha mashine ya kawaida. Ya inveta hupunguza kasi yenyewe chumba kikishakaribia joto uliloweka, kwa hiyo ipime mwanzoni, ikiwa bado inahangaika.

Usipime kwa matone ya maji, kama wafanyavyo waliozoea Dar es Salaam au Zanzibar. Kule pwani hewa ina unyevu mwingi, bomba la maji hutiririka siku nzima, na likikauka watu huona mashine imeharibika. Shinyanga ya Septemba ina hewa kavu kiasi kwamba kiyoyozi kizima kabisa kinaweza kutotoa hata tone. Huko Geita, karibu na ziwa, unyevu ni mwingi kidogo na matone yataonekana zaidi. Bomba kavu peke yake halithibitishi kitu.

Sasa umeme, ambao kwa maoni yangu ndio unaozaa utambuzi mwingi wa uongo. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Jioni, kila mtu akiwasha vyake na mashine za kuchomelea na za kusaga zikiwa kwenye transfoma hiyohiyo, nyumba iliyo mwisho wa laini inaweza kubaki na volti 190. Tofauti hiyo unaweza kuiona ndogo, lakini nguvu ya mota ya kawaida kuanza kuzunguka hupungua kwa kipeo cha pili cha volti: kwa 190 inabakiwa na takriban theluthi mbili tu. Kompresa inajaribu kuanza, inaguna, inapata moto, kinga yake inaikata. Baada ya dakika chache inajaribu tena. Muda wote huo feni ya ndani inapuliza bila wasiwasi, na aliye chumbani anahisi hewa vuguvugu na kusema gesi imeisha.

Toka nje usikilize. Ukisikia kompresa inaguna sekunde chache kisha tiki, kimya, na baadaye tena hivyohivyo, mwambie fundi aje na multimita kabla ya mtungi. Apime volti mashine inapojaribu kuanza, siyo ikiwa imezimwa. Apime na kapasita: ubavuni imeandikwa kiwango chake, na joto la huku huichosha mapema. Iliyovimba kichwa haina haja ya kupimwa. Kapasita ni kifaa cha bei ndogo, lakini ikiachwa dhaifu itaiunguza kompresa, ambayo bei yake inaweza kukaribia ya mashine mpya. Volti zikiwa chini kila jioni, peleka taarifa TANESCO ukiwa na vipimo vilivyoandikwa pamoja na saa, na uweke stabilaiza inayolingana na ukubwa wa mashine.

Kuhusu nyumba nitasema kwa ufupi. Bati lisilo na kitu chini yake zaidi ya jipsamu nyembamba humwaga joto chumbani hadi usiku. Chumba cha mita 3.5 kwa 4 hutoshelezwa na mashine ya BTU 9,000 kikiwa na dari nzuri. Chini ya bati linalounguza, chukua 12,000. Sebule iliyoungana na korido na jiko isiyo na mlango wa kufunga haitapozwa na mashine hiyo, na kushusha rimoti hadi 16 hakutasaidia kitu zaidi ya kumaliza uniti za Luku.

Ikiwa yote hayo ni sawa na chumba bado hakipoi, sasa gesi. Fundi anayejua kazi hutafuta kwanza ilikovujia: mafuta kwenye viungo, povu la sabuni kwenye nati za shaba, kisha shinikizo la naitrojeni. Nisisitize hapa, kwa sababu miji ya machimbo imejaa mitungi ya oksijeni ya kuchomelea: oksijeni isitumike kamwe kupima uvujaji. Ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo inalipuka, na inaua.

Baada ya kuziba, avute vakyumu. Shinyanga mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na Geita iko juu zaidi, hivyo hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya nane kuliko ya pwani. Mshale wa geji ya kawaida utasimama karibu na inchi 26, siyo 30 kama Dar es Salaam, na fundi asiyejua hilo atadhani pampu yake ni mbovu. Wepesi huohuo wa hewa hupunguza kidogo nguvu ya kila kiyoyozi, ndiyo sababu nyingine ya kutolifumbia macho vumbi. Mwisho, gesi ipimwe kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibao cha mashine. Na iwe aina ileile. R22, R410A na R32 hazichanganywi, na R32 inashika moto.

Mwenye mashine ya zamani ya R22 ajue kwamba gesi hiyo inaondolewa sokoni. Kwa ratiba ya Mkataba wa Montreal, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya kundi hilo la gesi kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kuyakomesha karibu yote 2030. Kununua mtumba wa R22 leo ni kununua mzigo.

Neno moja kwa wenye ofisi za kununulia dhahabu. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya, kinazungusha ileile. Mtu akichoma dhahabu yenye zebaki humo, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya baridi, mvuke wa zebaki utazunguka na kuvutwa na kila aliyemo; filta haiukamati. Kazi hiyo isifanyike chumbani kabisa.

Fundi akimaliza, mwombe aandike tarehe, volti na ampea alizopima, na gramu za gesi alizotia, aibandike karatasi hiyo ndani ya kifuniko cha kipande cha ndani. Akikataa kupima, usimlipe gesi.