Motokaa Iliyotumika: Ijue Asili Yake Kabla ya Kulipa

Msafiri akisimama kando ya barabara itokayo Malaba au Busia kuingia Uganda, hatakosa kuona magari yaliyoshushwa melini Mombasa yakipita, mengine yamepakiwa juu ya malori, mengine yakiendeshwa na madereva waliokodiwa. Yameoshwa yakang'aa, na kila moja linakwenda kutafuta mnunuzi. Miongoni mwa wanunuzi hao wamo askari jeshi na polisi waliodunduliza mishahara yao kwa miaka, na wengine waliokopa katika vyama vyao vya akiba na mikopo, kama vile Wazalendo na Exodus.

Nia yao ni njema. Familia inayokaa vijijini, tuseme Sop Sop upande wa Tororo, inajua maana ya kumtoa mgonjwa usiku au kupeleka mazao sokoni wakati wa mvua. Lakini mkopo hukatwa katika mshahara kila mwezi, gari litembee au lisitembee. Baba akinunua gari bovu, si yeye peke yake anayeumia. Karo ya watoto na chakula cha nyumbani huumia pia. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na kwa motokaa tuseme vivyo hivyo: gari jema si rangi. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, mnunuzi hana budi kupata majibu ya maswali matatu. Gari hili ni la nani? Limepitia mambo gani? Na litaitaka nyumba yangu itoe kiasi gani kila mwezi?

NI LA NANI?

Swali hili lina uzito zaidi kwetu sisi tunaoishi mpakani kuliko kwa watu wa mahali pengine. Hapa mtu anaweza kuletewa gari lenye namba za Kenya, zile zinazoanza na herufi K, akaambiwa kwamba bei ni nafuu na kwamba mambo ya karatasi yatatengenezwa baadaye. Ndugu msomaji, "baadaye" hiyo ndiyo mtego. Gari la Kenya huingia Uganda kwa kibali cha muda cha forodha, na kibali kina tarehe ya kwisha. Likitaka kukaa moja kwa moja halina budi kulipiwa kodi za Uganda na kusajiliwa upya. Asiyefanya hivyo anaweza kunyang'anywa gari, na muuzaji atakuwa amekwisha vuka mpaka na fedha mfukoni.

Jambo la kwanza, basi, ni kusoma kitabu cha gari, yaani logibuku, na kulinganisha namba ya chesisi na ya injini zilizoandikwa humo na zile zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Zisome wewe mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Ukiona pamepigwa tupa, pamechomelewa, au tarakimu hazikukaa katika mstari mmoja, ondoka. Jambo la pili ni kutoitegemea karatasi iliyo mkononi mwa muuzaji peke yake. Daftari la serikali ndilo lenye kauli ya mwisho. Kwa gari lililosajiliwa Kenya, taarifa za mwenyewe zaweza kuombwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ijulikanayo kwa herufi NTSA. Kwa gari la Uganda, uliza katika daftari la usajili wa magari ujue jina la mwenyewe, na kama benki au mkopeshaji ameweka zuio juu yake. Gari lililowekwa rehani huweza kuuzwa na mdaiwa leo, na mdai akaja kulichukua kesho.

Jambo la tatu ni wizi. Mwaka wa 2015 gari la aina ya Lexus liliibwa London. Ndani yake mlikuwa na chombo cha siri cha kuonyesha mahali lilipo, na wapelelezi wakalifuata kwa njia hiyo likipita Ufaransa, Omani na Mombasa hadi Kampala, ambako magari mengine ya wizi yalikutwa pia. Funzo ni kwamba gari la wizi halina alama usoni; nalo husafiri bahari ile ile na barabara ile ile ya magari halali. Polisi wa Uganda wana ofisi ya Interpol, ambayo hukagua magari ya kutoka nje kwa kulinganisha namba zake na orodha ya kimataifa ya magari yaliyoibwa. Kwa askari hasa, kukutwa na gari la wizi ni aibu juu ya hasara. Kuuliza si ujinga.

LIMEPITIA MAMBO GANI?

Magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani. Kenya haikubali kuingiza kwa matumizi yake gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda ilipopiga marufuku magari makuukuu mwaka wa 2018, iliweka mpaka wa miaka 15. Maana yake ni kwamba gari ambalo Mkenya hawezi kuliingiza kwake huweza kupita tu katika nchi yake likija kwetu. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa Uganda anahitaji kuijua historia ya gari hata zaidi ya jirani yake.

Historia hiyo ipo. Nchini Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa amri ya serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita zake huandikwa. Gari likitolewa nchini hupewa cheti cha kusafirishwa nje, chenye tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza na kilomita zilizoonekana katika ukaguzi. Mwombe muuzaji akuonyeshe cheti hicho. Usibabaishwe na miaka yake, kwa kuwa Wajapani huhesabu kwa enzi za wafalme wao. Ukiona Heisei, ongeza 1988. Ukiona Reiwa, ongeza 2018. Heisei 25, kwa mfano, ni mwaka wa 2013. Gari ambalo cheti chasema lilikuwa limekwenda kilomita 130,000, na mita yake leo yasema 62,000, limekwisha kukuambia tabia ya muuzaji.

Kadhalika magari mengi huuzwa huko kwa mnada, na mkaguzi wa mnada huandika karatasi yenye alama za hali ya gari. Herufi R mahali pa alama huonyesha kwamba gari liligongwa likatengenezwa. Karatasi hizo huweza kughushiwa, kwa hiyo zilinganishwe na namba ya chesisi na pia na gari lenyewe.

Nalo gari lenyewe lina mdomo. Mpira wa pedali ya breki uliolika na usukani uliong'aa kwa mikono havilingani na kilomita chache. Tairi lina tarakimu 4 za tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mkanda wa kiti una kibandiko cha tarehe mwishoni mwake. Mkanda mchanga kuliko gari una sababu. Kioo kimoja kisicho na alama ya kiwanda kama vingine kilibadilishwa. Uliza kwa nini. Inua kapeti unuse: harufu ya ukungu na kutu chini ya viti ni dalili za mafuriko.

Mwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika, kwa maana injini baridi haiwezi kuficha maradhi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huonyesha maji yanayoingia mahali pasipo pake. Mweusi ni mafuta yanayopita kiasi. Ukiona utando mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, au mafuta yanayoelea katika maji ya rejeta, usibishane juu ya bei, nenda zako.

Kuna jambo moja lisiloonekana kwa macho wala kwa fundi. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka wa 2017, ilitengeneza mifuko ya hewa ya kumkinga dereva na abiria wakati wa ajali. Baruti iliyokuwa ndani yake iliharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mifuko mingine ilipofumuka ilirusha vipande vya chuma vikaua watu. Marekani peke yake mifuko ipatayo milioni 67 iliamriwa irudishwe. Magari ya viwanda vingi, Toyota na Honda vikiwamo, yalihusika. Joto na unyevu ndivyo tulivyo navyo huku. Peleka namba ya chesisi kwa wakala wa kiwanda, au itazame katika tovuti ya kiwanda, ujue kama gari hilo liliitwa na kama lilitengenezwa.

LITAKULA KIASI GANI?

Bei ya kununua hulipwa mara moja; gari hula kila siku. Tuchukue mfano wa koplo ambaye safari zake zafika kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani kilomita 1,040. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja litamtaka lita 104. Gari kubwa linalokwenda kilomita 7 kwa lita litamtaka lita 149 hivi. Tofauti ni lita 45 kila mwezi, zaidi ya lita 500 kwa mwaka. Mama wa nyumbani na azidishe hesabu hiyo kwa bei ya petroli ya leo, ataona kama ni karo ya mtoto au siyo.

Kwa mwendo huo gari litakwenda kilomita 12,480 kwa mwaka. Likibadilishwa oili kila kilomita 5,000, hiyo ni mara mbili au tatu. Ongeza tairi, breki, betri na bima ya mtu wa tatu, ambayo ni lazima kwa sheria. Uliza pia habari za injini. Corolla za zamani za injini ya 5A zina mkanda unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, lakini Probox na ndugu zake wenye injini ya 1NZ hutumia mnyororo. Kabla ya kuvutiwa na gari lisilojulikana, nenda kwa mafundi wa Tororo na Busia uwaulize maswali mawili: spea zake zapatikana hapa? Na nani kati yenu amewahi kulifungua? Wakitazamana kimya, umejibiwa. Tena kumbuka barabara za changarawe: gari lililokaa chini mno litavunja shokabzoba na bomba la moshi kabla mkopo haujakwisha.

SIKU YA KULIPA

Usiende peke yako. Mchukue fundi ambaye hakuletwa na muuzaji, umlipe mwenyewe. Andikeni hati ya mauziano mbele ya mashahidi, na muuzaji awe ndiye mwenye jina katika logibuku au mwenye idhini yake iliyoandikwa. Kisha jina libadilishwe mara moja. Gari likiwa bado kwa jina la mwingine, mbele ya serikali ni lake, na ajali au deni lake vyaweza kukuletea mashaka.

Muuzaji atakuhimiza kwamba yuko mteja mwingine njiani. Mwache aje. Magari hayaishi Mombasa, na barabara ya Malaba haifungwi. Siku tatu za kuuliza ni chache ukizilinganisha na miaka ya kukatwa mshahara kwa ajili ya gari lililolala uani juu ya mawe, kuku wakilitagia ndani. Majuto ni mjukuu; kaeni baba na mama, mpige hesabu pamoja, ndipo mlipe.